Kabla ya kununua shokapu, jua gari lako linabeba nini na linapita wapi

Mteja akiingia gereji hapa Arusha na kuniambia, "Fundi, nataka shokapu ngumu," namuuliza kwanza gari linamsumbua nini. Mara nyingi jibu ni kwamba limelala nyuma. Akipakia familia na mizigo ya kwenda nyumbani Krismasi, nyuma kunainama, taa za mbele zinamulika matawi ya miti, na kila tuta linagonga chini. Ndugu zangu, ugonjwa huo hautibiwi na shokapu. Kazi yangu ni miguu ya magari, ya watalii na ya nyumbani, na hela nyingi ninazoona zikipotea ni za mtu aliyenunua shokapu ya gharama kubwa wakati kilichochoka ni springi.

Shokapu haibebi gari. Gari linabebwa na springi. Tairi likipanda jiwe, springi inabonyea na kumeza kishindo, kisha inataka kuirudisha nguvu yote iliyoimeza. Ikiachwa peke yake itapanda na kushuka mara nyingi kabla ya kutulia, na muda wote huo tairi linagusa barabara na kuiacha. Gari la namna hiyo halishiki breki na halikati kona. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye vitundu na vali nyembamba; oili inakataa kupita haraka, na nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa joto.

Kwa hiyo ukifunga shokapu ngumu juu ya springi iliyochoka, gari litabaki limelala vile vile. Shokapu zenye gesi ya shinikizo kubwa zinaweza kulinyanyua milimita chache, basi. Utakachopata ni gari lililolala na ambalo sasa linatingisha mifupa ya abiria.

Anza na mizani

Peleka gari kwenye mizani likiwa katika hali yake halisi ya kazi: matangi yamejaa, vifaa vyote viko ndani, watu wamekaa. Mizani ya ghala la nafaka au ya kiwanda inafaa kabisa. Pima gari zima, halafu rudisha nyuma upime ekseli ya mbele peke yake. Ukitoa utapata ya nyuma. Linganisha na uzito wa gari tupu ulio kwenye kitabu cha gari. Tofauti hiyo ndiyo namba utakayompa muuza springi, na ni muhimu kujua imelalia mbele au nyuma.

Kama mizani iko mbali, kaa na karatasi ujumlishe. Maji ni kilo moja kwa lita. Dizeli ni pungufu kidogo, kama gramu 840 kwa lita, kwa hiyo Land Cruiser 78 yenye matangi mawili ya lita 90 inabeba karibu kilo 150 za mafuta peke yake. Bampa la chuma likiwa na winchi linakaribia kilo 100, na zote ziko mbele ya ekseli ya mbele, mahali pabaya kabisa kwa springi za mbele. Tairi la pili la akiba, friji, betri ya ziada, keria la juu na hema lake: kila kimoja kinaonekana kidogo hadi uvijumlishe.

Kampuni zinazotengeneza springi kwa ajili ya magari ya porini huziuza kwa makundi ya uzito wa ziada. Kuna ya gari lisilo na nyongeza, kuna ya kilo mia mbili tatu, kuna ya mzigo mzito unaokaa kwenye gari siku zote. Chagua kwa uzito wa kila siku. Safari ya mara moja kwa mwaka isikuamulie. Springi ya mzigo mzito kwenye gari tupu haibonyei ipasavyo. Kwenye barabara ya vumbi sehemu ya nyuma inarukaruka na kuchepuka kona ikifika. Mtu ambaye mzigo wake unakuja na kuondoka namshauri springi ya kati, pamoja na mifuko ya hewa inayoingia ndani ya springi ya koili. Akipakia anajaza upepo, akishusha anapunguza.

Ukishajua springi, ndipo uiulizie shokapu yake. Shokapu inafanya kazi mbili: kuzuia springi inapobonyea na kuizuia inaponyooka. Springi ngumu inanyooka kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inahitaji shokapu yenye ukinzani mkubwa zaidi upande wa kunyooka. Shokapu ya kawaida ya kiwandani ukiifungia springi ya kilo 400 itazidiwa. Kinyume chake, shokapu nzito kwenye springi laini inachelewesha springi kunyooka. Barabara ikiwa na mashimo mfululizo, mguu unabonyea shimo la kwanza, haujarudi, la pili linaubonyeza tena, hadi gari linakuwa limekaa juu ya raba zake za chini. Ndiyo maana watengenezaji makini huuza springi na shokapu kama seti moja, na mimi nikiweza nashauri mtu achukue seti.

Joto la njia ya vumbi

Magari mengi ninayoyashika yanapita njia moja. Kutoka Arusha kupitia Makuyuni na Karatu hadi geti la Loduare la Ngorongoro ni lami. Ukishaiacha lami ya getini, unazunguka ukingo wa kreta, unateremka kuelekea Olduvai, unavuka uwanda hadi Naabi, halafu Seronera. Huko barabara ina rasta, yale mawimbi madogo yaliyopangana kama bati la paa. Tuchukue mawimbi yako umbali wa sentimita 75, na gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo ndani ya hifadhi ya Serengeti. Kila tairi linapigwa zaidi ya mara 18 kwa sekunde. Kila pigo ni pistoni imekwenda na kurudi, na kila mara joto limezaliwa.

Oili ikipata moto inakuwa nyepesi na inapita kwenye vali bila kukataa. Pia inavurugwa, inachanganyika na hewa au gesi iliyomo, inakuwa povu. Povu halina ukinzani. Dereva mmoja wa watalii, mzee mwenye uzoefu mrefu, alinieleza vizuri kuliko kitabu chochote: "Mwanangu, asubuhi hili ni gari zima, mchana ni gari jingine." Alikuwa ameshapita gereji mbili, na kote aliambiwa shokapu ni nzima, kwa sababu gari lilifika likiwa limepoa. Wakalikandamiza boneti kwa mikono, likarudi mara moja na kutulia. Jaribio hilo la kukandamiza linakuonyesha shokapu iliyokufa kabisa. Iliyochoka kwenye joto halikuonyeshi. Ukitaka kujua, jiulize tatizo linaanza lini. Kama gari linaanza kuogelea baada ya saa moja ya vumbi na kesho yake limepona, shokapu zako hazihimili joto la kazi yako.

Hapa ndipo aina ya shokapu inapoanza kuwa na maana.

Nyingi zinazokuja na gari ni za mirija miwili. Pistoni inatembea kwenye mrija wa ndani, na oili ya akiba inakaa kati yake na mrija wa nje, juu yake kukiwa na gesi ya shinikizo dogo. KYB Excel-G ni ya aina hii, Nitrocharger Sport ya Old Man Emu pia, ingawa ya pili ni nene na imetengenezwa kwa ajili ya njia mbaya. Sifa yake kubwa ni uvumilivu. Jiwe likiruka na kuubonyeza mrija wa nje, pistoni iliyo ndani haijui chochote. Upungufu wake ni kwamba joto linapaswa kusafiri kutoka mrija wa ndani, kupita oili ya akiba, hadi ukuta wa nje, ndipo upepo ulichukue. Na gesi iko jirani na oili bila kizuizi, kwa hiyo povu si mbali.

Ya mrija mmoja imejengwa tofauti. Oili na pistoni viko kwenye mrija huo huo unaoguswa na upepo, na chini yake kuna pistoni nyingine inayoelea, inayotenganisha oili na gesi ya naitrojeni. Gesi hiyo ina shinikizo la bar 20 hadi 30, wakati tairi lako lina kama bar 2 na nusu. Kwa shinikizo hilo oili haipati nafasi ya kutoa povu, na joto linatoka upesi. Bilstein ya Ujerumani ndiyo iliyoifanya aina hii ijulikane, kupitia magari ya Mercedes-Benz, tangu 1957. Bilstein B6 ya leo na KYB Gas-A-Just ziko katika ukoo huo. Usukani unakuwa na uhakika, gari linatii. Lakini pistoni inasugua ukuta ule ule unaopigwa mawe. Bonyeo moja lililoingia ndani likikutana na njia ya pistoni, shokapu imekwisha. Na kwenye gari jepesi la mjini utaihisi inagongagonga kwenye vishimo vidogo.

Halafu kuna foam cell, za Ironman 4x4 na Tough Dog kutoka Australia. Ni mirija miwili minene yenye oili nyingi, na mahali pa gesi pamewekwa sponji maalumu yenye vyumba vidogo vilivyofungwa, ambayo inabonyea na kupanuka bila kuachia gesi ichanganyike na oili. Oili nyingi inachukua muda mrefu kupata moto. Kwa Land Cruiser iliyorefushwa, yenye paa la kunyanyuka, viti saba, friji na mizigo, hii ndiyo ninayoifunga zaidi nyuma.

Za matangi ya pembeni, ambazo chupa ya ziada inaunganishwa kwa hozi, ni nzuri mno kwa anayekimbiza gari jangwani. Kwa gari la kazi hapa kwetu naona ni hozi moja zaidi ya kupigwa na jiwe, na bei yake inatosha kubadilisha bushi zote za gari.

Nichague vipi basi? Anayepita sana njia ya Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ziwa Natron, penye mawe makali ya volkeno chini ya Ol Doinyo Lengai, namfungia mirija miwili minene au foam cell, na kinga ya shokapu ya nyuma. Anayekimbia vumbi la tambarare kwa mwendo wa haraka, gari halijajaa mno, mrija mmoja utampendeza. Mwenye Prado ya kwenda ofisini, na mara mojamoja Tarangire, asitupe hela: mirija miwili ya kiwango cha kiwandani, iliyo halisi, inamtosha miaka.

Kuna dawa moja ya bure ambayo madereva wengi wanaidharau. Ukiacha lami, punguza upepo wa matairi, kama robo hivi, na upunguze mwendo. Tairi laini linameza sehemu ya yale mapigo kabla hayajafika kwenye shokapu. Ukirudi kwenye lami ujaze tena, usisahau, maana tairi lisilo na upepo likikimbizwa kwenye lami linapata moto na kupasuka.

Noah, IST, RAV4 na ndugu zao

Kwenye magari haya shokapu ya mbele ina kazi ya ziada. Springi imekaa juu yake, na yenyewe imeshika kitovu cha gurudumu. Ukikata kona, inavutwa kwa ubavu. Ndiyo maana fimbo yake, ile inayoingia na kutoka kwenye mrija, ni nene. Ikilegea, kinachofuata ni matairi kulika vibaya na usukani kucheza.

Unaponunua ya mbele, nunua pamoja na maunti zake (vishikio vya juu), bering ya juu, bampastopu (raba inayopokea pigo kabla shokapu haijafika mwisho) na ile soksi ya raba inayozuia vumbi. Watu wanabania hapo. Shokapu mpya kwenye maunti iliyopasuka itagonga vile vile, na utarudi dukani kudai umeuziwa mbovu. Bampastopu iliyokwisha kusagika inaiacha pistoni ipige chini kwenye kila tuta. Vumbi likipita penye soksi iliyochanika linakwangua fimbo, sili inakatika, oili inatoka. Haya mambo mawili yanaua shokapu nyingi mpya kuliko ubovu wa shokapu wenyewe.

Sasa tuseme juu ya kunyanyua, kwa sababu kila mwenye gari la chini anataka linyanyuke. Kuna wanaoweka raba kati ya mizunguko ya springi. Mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi tena. Kazi yote inahamia kwa iliyobaki, na siku moja springi inakatika pale pale pembeni ya raba. Sifungi raba hizo hata mteja akibembeleza.

Spesa, yaani kipande cha kuongezea urefu, ikikaa juu ya maunti ni nafuu kidogo. Shokapu yenyewe inabaki ikicheza katika nafasi yake ya kawaida, lakini gurudumu likining'inia linashuka chini zaidi kuliko lilivyokusudiwa, kwa hiyo boljointi na sivijointi (viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu) zinapinda kwa pembe kali. Spesa inayokaa juu ya springi, ndani ya seti, ni jambo jingine: gari likiwa limesimama shokapu tayari imevutika, na nafasi ya kunyooka imepungua. Utasikia "ko!" kila ukishuka kutoka kwenye tuta. Huo ni mlio wa shokapu iliyofika mwisho wa urefu wake. Ukitaka kunyanyua kiasi cha maana, nunua springi na shokapu zilizotengenezwa kwa urefu huo.

Urefu upimwe, usikisiwe

Kwa magari makubwa kanuni ni mbili. Gari likibonyea hadi mwisho, bampastopu iguse kabla shokapu haijafika mwisho wa kufunga. Gurudumu likining'inia, shokapu iwe ndefu kiasi cha kutolivuta kila mara kama mnyororo, lakini isiwe ndefu hadi springi ya koili ichomoke mahali pake au hozi ya breki ikaze.

Pima hivi. Nyanyua gari kwa jeki chini ya chasisi, uliweke juu ya stendi imara, magurudumu yaning'inie. Fungua shokapu upande mmoja, ekseli ishuke taratibu huku umeishikilia kwa jeki ya pili, ukiangalia hozi na nyaya. Pale ambapo hozi ya breki inakaribia kukaza, simama na upime kutoka tundu la juu hadi tundu la chini: shokapu yako ikivutika isizidi hapo. Kisha nyanyua ekseli hadi bampastopu ibonyee, upime tena: shokapu ikifungwa iwe fupi kuliko hapo, ibakize nafasi. Watengenezaji wazuri wanaandika vipimo hivyo viwili, wazi na fungwa, kwenye katalogi. Muuzaji asiyevijua akakwambia "itaingia tu", nenda duka la pili.

Kwa matumizi ya kawaida mimi sivuki sentimita 5 za kunyanyua. Hapo Land Cruiser yenye ekseli ya kipande kimoja mbele itaanza kuwa nyepesi usukani kwa sababu pembe ya magurudumu imebadilika, na itahitaji bushi za kurekebisha; Prado na Hilux zitakuwa zimezipindisha sivijointi kiasi cha kutosha. Zaidi ya hapo unaanza kubadilisha gari zima.

Prado na Land Cruiser nyingine zina mambo yao. Kama yako ina swichi ya kuchagua laini au ngumu, shokapu zake zina waya za umeme. Ukifunga za kawaida unaweza kuwashiwa taa kwenye dashibodi. Kama nyuma kuna mifuko ya hewa badala ya springi, au gari lina KDSS, ule mfumo wa Toyota unaorekebisha stabilaiza kwa oili, mwambie muuzaji mapema, maana springi zake zinachaguliwa tofauti.

Dukani

Nenda na namba ya chasisi, pamoja na ule msimbo wa modeli ulio kwenye kibati. Kusema "RAV4" hakutoshi. ACA21 na ACA31 ni magari tofauti. IST ya NCP60 inavuta mbele, NCP65 inavuta kote; Noah ni AZR60 na AZR65 kwa mtindo huo huo. Shokapu zinaweza kutofautiana, hasa za nyuma, na zikifanana kwa macho zinaweza kupishana ugumu.

Kwenye Toyota mara nyingi namba ya shokapu ya mbele kulia huanza na 48510, ya mbele kushoto 48520, za nyuma 48530 na 48540. Maunti ya mbele ni 48609. Ukiwa na namba hiyo, muuza KYB au Monroe anaweza kukutafutia inayolingana. KYB nao wana mpangilio wao: namba za 33 na 34 ni Excel-G, za 55 ni Gas-A-Just, za 44 ni Premium, ambazo ni za oili bila gesi. Ukiuziwa "ya gesi" na boksi linaanza na 44, rudisha.

Bandia zipo, Gerezani ya Dar es Salaam zipo na huku kwetu zipo. Boksi si ushahidi, boksi linachapishwa. Angalia namba iliyo kwenye mwili wa shokapu kama inafanana na ya boksi. Angalia kulehemu: kuwe na mstari laini, sawa, bila matone. Pitisha ukucha juu ya fimbo. Ikikwaruza, weka chini. Chukua ya kulia na ya kushoto, uzikandamize moja moja zikiwa wima: ziende sawa, bila kuruka katikati na bila mlio wa kububujika. Zenye gesi zitapanda zenyewe taratibu. Mwisho, muulize muuzaji kama anaandika dhamana kwenye risiti.

Mtumba kutoka Japani nimeufunga, sikatai, hasa kwa mtu mwenye hela ndogo na gari la zamani. Lakini shokapu inachakaa ndani, na huwezi kujua imetembea wapi. Iwe na fimbo isiyo na kutu wala mchirizi, kavu, na jozi itoke gari moja. Bei yake ikikaribia nusu ya mpya halisi, afadhali ungoje mwezi mwingine ununue mpya.

Kuhusu shokapu zinazotobolewa, kujazwa oili na kulehemiwa tena, hapo nasema kwa nguvu: usikubali. Gesi imeondoka, oili iliyowekwa haijulikani ni ya unene gani, na sili ile ile iliyovuja ndiyo inayorudi kazini. Na fundi anayeweka moto kwenye shokapu ya mrija mmoja yenye gesi ya bar 25 anaweza kupoteza macho yake. Ukungu mwembamba wa oili chini ya sili si kuvuja, usikimbilie kubadilisha. Kuvuja ni oili inayotiririka na kushika vumbi hadi chini.

Siku ya kufunga

Badilisha kwa jozi, mbele mbili au nyuma mbili. Moja mpya na moja iliyochoka kwenye ekseli moja zinalivuta gari upande ukishika breki kwa ghafla.

Shokapu ya mirija miwili iliyolazwa dukani kwa muda mrefu inakuwa na gesi imeingia mahali pa oili. Isimamishe wima, ikandamize hadi mwisho na kuivuta mara tano sita mpaka uhisi inakwenda sawasawa, kisha iende kwenye gari ikiwa wima. Usiifunge kichwa chini kamwe. Ya mrija mmoja inaweza kukaa upande wowote, mradi mtengenezaji ameruhusu.

Fimbo isiguswe na plaizi. Alama moja ya meno ya plaizi itakata sili kila ikipita. Shika kichwa cha fimbo kwa spana yake, na bunduki ya upepo iache mbali, maana inazungusha fimbo na kuchana sili kabla gari halijatoka gereji. Springi ya koili ya mbele ifunguliwe kwa kibano chake maalumu, viwili vikikabiliana. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Kama huna kibano, kazi hii si yako.

Jambo ambalo hata mafundi wanaliruka: nati za penye bushi za raba zisikazwe gari likiwa limening'inia. Zishikize tu, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake, litingishe, ndipo ukaze kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu. Ukikaza likiwa juu, raba inabaki imesokotwa muda wote gari likiwa chini, na inachanika mapema.

Fanya alaimenti siku hiyo hiyo kama umegusa shokapu za mbele au springi, na rekebisha taa za mbele kama gari limepanda. Tembea wiki moja, au safari moja ya vumbi, kisha rudi tukague nati zote, tupime urefu wa gari kutoka kitovu cha gurudumu hadi tao la bodi pande zote nne, na tuguse kila shokapu kwa mgongo wa mkono baada ya njia mbaya. Zote zinatakiwa ziwe na joto linalokaribiana. Iliyo baridi wakati mwenzake wa ekseli moja inaunguza ndiyo isiyofanya kazi. Irudishe dukani na risiti yako, ikiwezekana na boksi lake.